Sura ya Nne: Kadi Inayouliza

Mwaka 2008 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti ambao kila mwalimu wa Kiswahili anapaswa kuujua. Watafiti wawili, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Mojawapo lilikuwa mashua. Wanafunzi waliyasoma maneno hayo, wakaulizwa, wakayasoma tena, wakaulizwa tena, mpaka kila mmoja akawa amelipata kila neno walau mara moja. Kilichotofautisha makundi ni kilichofuata baada ya mwanafunzi kulipata neno. Kuna walioendelea kuulizwa neno hilo kila raundi, na kuna ambao hawakuulizwa tena.

Wiki moja baadaye wote walipewa mtihani. Walioendelea kuulizwa walikumbuka takribani asilimia 80 ya maneno. Wengine walikumbuka kama theluthi moja tu, hata wale walioendelea kuyasoma maneno yote kila raundi. Kusoma zaidi hakukuwaokoa. Kilichowasaidia wenzao ni kule kulazimika kulitafuta neno kichwani na kulitoa.

Sura hii inahusu kadi za picha, na utafiti ule haukutumia picha hata moja. Nimeanza nao kwa sababu unaeleza kwa nini kadi nzuri, zilizochorwa kwa jasho na kupakwa rangi, mara nyingi hazifundishi. Mwalimu huinua kadi, hutaja jina la kitu, darasa zima huitikia kwa sauti, kadi hushuka, inayofuata hupanda. Watoto wameona, wamesikia, wametamka. Lakini hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kulitafuta neno mwenyewe, kwa kuwa mwalimu alilitaja kabla mtoto hajaanza kufikiri. Kadi ya picha ina kazi moja kubwa: kuuliza. Mengine yote katika sura hii yanatokana na hilo.

Mifano yangu nitaitoa katika ufundishaji wa Kiswahili kwa wale ambao si lugha yao ya kwanza. Hao ni wengi, na wanaongezeka. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Na hata Tanzania na Kenya, watoto wengi huingia darasa la kwanza wakiwa na Kisukuma, Kimaasai, Kidholuo au Kiturkana, na Kiswahili wanakikuta shuleni.

Kitabu cha mwaka 1658

Wazo la kufundisha lugha kwa picha ni la zamani. Jan Amos Comenius alizaliwa mwaka 1592 huko Moravia, eneo ambalo leo liko katika Jamhuri ya Cheki. Alikuwa mchungaji na mwalimu, na vita vya dini vilimfanya aishi ukimbizini sehemu kubwa ya maisha yake, hadi alipofariki Amsterdam mwaka 1670. Enzi zake, mtoto wa shule huko Ulaya alijifunza Kilatini kwa kukariri kanuni za sarufi na orodha ndefu za maneno ya vitu asivyovijua.

Mwaka 1658, mjini Nuremberg, kitabu chake Orbis Sensualium Pictus kilitoka kwa Kilatini na Kijerumani. Kila sura ilikuwa na mchoro: mwoka mikate kazini, bustani, viungo vya mwili. Vitu ndani ya mchoro vilipewa namba, na namba hizo zilirudiwa katika sentensi fupi za lugha zote mbili zilizopangwa sambamba. Mwaka uliofuata Charles Hoole alikitolea toleo la Kiingereza jijini London, na kitabu kiliendelea kuchapishwa kwa zaidi ya karne moja.

Mambo mawili katika kitabu hicho bado yanatufaa. Kwanza, Comenius hakuliacha neno peke yake; alilitia ndani ya sentensi. Pili, katika dibaji alishauri watoto waonyeshwe kitu chenyewe panapowezekana, na waruhusiwe kuzichora picha kwa mikono yao. Mwalimu mwenye ndoo darasani hahitaji picha ya ndoo. Na mtoto aliyechora kadi yake mwenyewe ameanza kujifunza kabla kalamu haijawekwa chini.

Nguvu ya picha, na mpaka wake

Akili ya binadamu hushika picha kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Lionel Standing aliwaonyesha watu picha 10,000 kwa siku tano. Siku mbili baadaye aliwapa picha mbili mbili, moja waliyokwisha kuiona na moja mpya, wachague waliyoiona. Walipatia kwa takribani asilimia 83. Allan Paivio wa Kanada, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alieleza kwamba kumbukumbu inayohifadhiwa kwa njia mbili, ya neno na ya taswira, ina milango miwili ya kuifikia, kwa hiyo hupotea kwa shida.

Lakini tazama walichofanya watu wa Standing. Walitambua. Hawakuambiwa waseme jina la chochote. Mtoto anaweza kuitambua kadi ya sufuria hata akiiona kwa mbali, na bado neno sufuria likawa halimjii mdomoni. Kutambua picha ni jambo jepesi. Kulitoa neno ni kazi.

Watafiti Lorella Lotto na Annette de Groot walilichunguza jambo linalokaribiana na hili mwaka 1998. Waliwafundisha Waholanzi watu wazima maneno ya Kiitaliano, wengine kwa picha, wengine kwa neno la Kiholanzi. Waliofundishwa kwa tafsiri ya lugha yao walifanya vizuri kuliko waliofundishwa kwa picha. Tusikimbie matokeo hayo. Picha haina uganga ndani yake, na mwalimu anayesema neno moja la lugha ya mtoto ili kumtoa gizani hajatenda kosa. Picha inatufaa kwa sababu nyingine: mtoto mdogo ambaye bado hajui kusoma anaweza kuulizwa nayo, na darasa lenye lugha tano, kama yalivyo madarasa mengi ya Nairobi, Kampala na kambi ya wakimbizi ya Kakuma, linaweza kuulizwa swali moja kwa wakati mmoja bila mtoto yeyote kuachwa nje.

Picha isomeke kwanza

Mwaka 1960 William Hudson alichapisha utafiti alioufanya Afrika Kusini kwa kutumia michoro ya mwindaji, paa na tembo. Tembo alichorwa mdogo, juu ya kilima, kumaanisha kwamba yuko mbali. Wengi walioulizwa walisema mwindaji anamlenga tembo, kwa kuwa kwenye karatasi ndiye aliyekuwa karibu na mkuki. Watafiti waliofuata waliikosoa michoro hiyo kwa kuwa migumu kuielewa, na mahitimisho ya Hudson kuhusu Waafrika hayakubaliki tena kwa namna aliyoyatoa. Funzo linalobaki kwa mwalimu ni kwamba picha nayo husomwa, na msomaji wake anaweza kuisoma tofauti na mchoraji alivyokusudia.

Kwa hiyo, kabla ya kuipeleka kadi darasani, mwonyeshe mtoto mmoja na umuulize kwa lugha yake anaona nini. Akisita, chora upya. Picha moja ibebe kitu kimoja, bila mandhari ya nyuma. Kitu hicho kiwe kinachojulikana mahali pale. Mtoto wa Kabale anaijua ndizi ya kupika kabla ya kulijua tufaha la vitabuni. Mtoto wa Lodwar anamjua ngamia. Mtoto wa Ukerewe anaujua mtumbwi na dagaa. Ukianza na jahazi kwa mtoto ambaye hajawahi kuiona bahari, umempa mambo mawili ya kujifunza kwa mara moja, na lile la lugha ndilo litakaloshindwa.

Vitenzi vina hatari yake. Picha ya mtu anayekata mti inaweza kusomwa kuwa mtu, shoka, mti au kukata. Dawa yake ni kuchora mtu yuleyule, kwa mistari michache tu, katika kadi nne: analala, anakula, anakimbia, anakata. Kinachobadilika kutoka kadi hadi kadi ndicho kinachoulizwa, na mtoto hulielewa hilo bila maelezo.

Kutengeneza kadi

Vifaa si vya gharama. Karatasi ya manila ikikatwa vipande sawa hutoa kadi nyingi. Ikikosekana, maboksi ya sabuni au ya biskuti yanafaa na hudumu zaidi. Picha zinaweza kukatwa kwenye kalenda za zamani, magazeti na mifuko ya bidhaa, au kuchorwa kwa kalamu ya wino mzito. Gundi ya kupika kwa unga wa muhogo hushika vizuri, na selotepu ikizungushwa pembeni hulinda kadi isichakae. Ukubwa wa kiganja unatosha kwa watoto wawili wanaoulizana. Kwa darasa zima, kadi ionekane na aliye dawati la mwisho.

Sharti moja halina msamaha: upande wa picha usiandikwe neno. Kadi nyingi za dukani zina jina la kitu chini ya picha, na mtoto anayejua herufi huisoma kadi badala ya kukumbuka. Kadi hiyo imejijibu yenyewe. Kama ndizo ulizonazo, ziba jina kwa kipande cha karatasi. Neno likae nyuma, na lisikae peke yake. Liandikwe ndani ya sentensi fupi, kama alivyofanya Comenius.

Ngeli, nyakati na adabu

Kwa Kiswahili, kadi ya kitu kimoja ni nusu ya kadi. Mwanafunzi anayejua kiti lakini hajui viti, na hajui kwamba kiti huvunjika kwa ki- na viti huvunjika kwa vi-, hajakipata kiti bado. Chora kadi kwa jozi: kiti kimoja na viti vitatu, mti mmoja na miti mitatu, jicho moja na macho mawili, ufunguo mmoja na funguo nyingi. Swali likiwa “Hiki ni nini?”, jibu liwe “Hiki ni kiti.” Ukigeuza kadi ya pili, “Na hivi?”, jibu liwe “Hivi ni viti.” Ngeli inaingia kinywani kabla ya jina lake la kisarufi kutajwa, na ndivyo watoto wa Unguja na Mombasa walivyoipata majumbani kwao.

Picha pia humaliza utata ambao orodha ya maneno huuacha. Kiboko wa mtoni ni huyu, lakini kiboko cha kuchapia ni hiki. Mbuzi anayekula majani ni huyu, na mbuzi ya kukunia nazi ni hii. Weka kadi mbili za mbuzi kando kwa kando, na mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba uhai wa kitu ndio unaoamua upatanisho. Kifaru na kipepeo wanaanza na ki-, lakini picha inamkumbusha kwamba ni viumbe hai, kwa hiyo kifaru huyu, kipepeo yule.

Nyakati nazo huchorwa. Chukua mtoto mmoja na sahani moja ya wali. Katika kadi ya kwanza sahani imejaa na mtoto ananawa mikono: atakula. Katika ya pili mkono uko mdomoni: anakula. Katika ya tatu sahani ni tupu: amekula. Kisha rudi kwenye kadi ya kwanza na uulize, “Je, amekula?” Jibu, “Bado, hajala,” ni jambo ambalo wageni wengi wa Kiswahili huchelewa sana kulimudu, na hapa linapatikana kwa mchoro wa dakika tano.

Hata adabu ina kadi yake. Chora mtoto na bibi wakikutana njiani. Gusa mtoto: “Anasema nini?” “Shikamoo, bibi.” Gusa bibi: “Marahaba, mjukuu wangu.” Chora vijana wawili wa rika moja, na salamu hubadilika. Mwanafunzi anajifunza nani humwamkia nani, na pasipo kujua hilo hatakuwa msemaji wa Kiswahili hata akijua maneno elfu mbili.

Namna ya kuuliza

Usianze na swali gumu. Siku ya kwanza tandika kadi sita mezani na useme, “Nionyeshe ndoo.” Mtoto ananyoosha kidole tu. Hatua inayofuata: “Je, hii ni ndoo?” Kisha: “Hii ni ndoo au sufuria?” Baada ya hapo ndipo lije swali lenyewe: “Hii ni nini?” Na siku nyingine: “Inatumika kufanya nini?” Kila hatua inamdai mtoto kidogo zaidi ya iliyotangulia.

Ukishauliza, nyamaza. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu huwasubiri wanafunzi baada ya swali, akakuta ni kama sekunde moja. Walimu waliojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na wanafunzi waliokuwa kimya walianza kujibu. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu sana kwa mwalimu. Kwa mtoto anayelitafuta neno la lugha ngeni, ndizo sekunde anazojifunza.

Kuitikia kwa pamoja kuna raha yake na kuna nafasi yake katika kuzoesha matamshi. Lakini darasa la watoto 80 linapopaza sauti, watoto 30 wanaweza kuwa wanafuata midomo ya wenzao. Gawa kadi kumi kwa kila dawati. Mtoto mmoja anaziuliza, mwenzake anajibu, kisha wanabadilishana. Kwa njia hiyo kila mtoto anaulizwa mara kumi katika dakika tano, jambo ambalo mwalimu mmoja mbele ya ubao hawezi kulifanya hata kwa wiki nzima. Kazi ya mwalimu ni kupita kati ya madawati na kusikiliza.

Mtoto akikosea au akikwama, mwambie jibu mara moja bila kumwaibisha, alitamke, kisha ifiche kadi hiyo nyuma ya nyingine mbili au tatu. Ikimrudia, atalitafuta neno wakati bado lina joto.

Maneno yapi yakae pamoja

Vitabu vingi hupanga msamiati kwa makundi ya vitu vinavyofanana: leo rangi, kesho matunda, keshokutwa viungo vya mwili. Mpangilio huo unapendeza kwa mwandishi wa kitabu, lakini humchanganya anayeanza. Mwaka 1993 Thomas Tinkham alionyesha kwamba watu huchelewa zaidi kujifunza maneno mapya yanapokuwa ya kundi moja la maana kuliko yanapokuwa hayahusiani. Mtoto aliyefundishwa kushoto na kulia siku moja huviparaganya kwa miezi. Fundisha kulia kwanza, kikae, ndipo ulete kushoto.

Katika utafiti wa mwaka 1997 Tinkham alikuta kwamba maneno yanayokutana katika tukio moja hujifunzika kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo chagua tukio. Kwenda kisimani: njia, ndoo, kamba, maji, kuteka, nzito. Siku ya gulio: kikapu, nyanya, pesa, kuuza, ghali. Kadi hizo zinaweza kupangwa mezani zikawa hadithi, na mtoto akaisimulia kwa sentensi zake mwenyewe.

Boksi lenye vyumba vitatu

Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885: tunachojifunza hupotea kwa kasi saa za mwanzo, kisha kasi hiyo hupungua. Mwaka 1972 mwandishi wa habari Sebastian Leitner, katika kitabu alichokiandika kwa Kijerumani, aliwapa wasomaji njia rahisi ya kupambana na hali hiyo. Ni boksi lenye vyumba.

Chukua boksi la viatu na uligawe vyumba vitatu kwa vipande vya karatasi ngumu. Kadi zote mpya hukaa chumba cha kwanza na huulizwa kila siku. Kadi iliyojibiwa sawasawa huhamia cha pili, inakoulizwa kila baada ya siku tatu. Ikijibiwa tena, huhamia cha tatu, inakoulizwa mara moja kwa wiki. Ikikosewa popote, hurudi cha kwanza. Hivyo muda mwingi unatumika kwa maneno magumu, na yaliyokwisha kushika hayasahauliki. Boksi hili linafaa nyumbani kuliko popote, kwa mzazi aliye Muscat au Minneapolis ambaye mtoto wake husikia Kiswahili mezani tu. Dakika kumi kila jioni ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi.

Kadi inapoishia

Kuna maneno yasiyochoreka. Labda, ingawa, heshima na ahadi hayana picha ya haki, na mwalimu anayeyalazimisha kwenye kadi atachora fumbo. Hayo yaje kwa sentensi, kwa hadithi na kwa mazungumzo. Kadi pia haimfundishi mtu kuzungumza na jirani yake; humpa maneno ya kuanzia tu. Neno lililofika chumba cha tatu linapaswa kutoka kwenye boksi na kwenda kutumika uwanjani, dukani na jikoni.

Mwalimu mwenzangu, na wewe mzazi: kesho chagua maneno sita ya tukio moja ambalo watoto wako wanalijua. Chora, au waache wachore wao. Usiandike jina upande wa picha. Inua kadi ya kwanza, uliza, kisha nyamaza mpaka mtoto alitoe neno mwenyewe.